Upepo wa Machi na Fungate Yangu

Jumapili, 23 Machi

Siku ya kumi na tano ya ndoa. Bado sijazoea! Asubuhi nimeandika "Bi. Jolynn Vondracek" mara tisa nyuma ya pakiti ya mbegu za nyanya. Mama Arlys akaja kuitafuta pakiti yake. Nikaificha ndani ya mkono wa sweta. Mama mkwe hana haja ya kujua kila kitu.

Wendell wangu amelala kidogo baada ya kanisa. Analala mdomo wazi. Ni mzuri hata mdomo ukiwa wazi.

Sasa habari yenyewe. Shangazi Verla ametukubalia nyumba yake ndogo ya mbao kule ziwani! Kuanzia Ijumaa tarehe 4 Aprili hadi Jumatatu tarehe 7. Siku hizo tu. Jumanne anaikabidhi kwa wenyewe wapya, na hapo basi. Ina jiko la kuni, ina mtumbwi, na jirani wa karibu yuko maili mbili. Maili mbili! Tangu tuoane tunakaa chumba cha juu kwa wakwe, na kitanda chetu kiko juu ya kitanda cha Baba Leland sawasawa, ubao mmoja tu katikati. Nikigeuka, chini mtu anakohoa. Wendell akinibusu shavuni, chini mtu anakohoa. Busu la shavuni analisikiaje?

Kizuizi ni malisho. Nyasi kavu za mwaka jana lazima zichomwe kabla ng'ombe wa kiangazi hawajafika, ndipo majani mapya yaote. Baba Leland ametangaza mezani, huku akijipakulia paja la pili la kuku, kwamba tangu enzi za babu yake hakuna Vondracek aliyetoka nyumbani malisho hayajachomwa. Nikamuuliza kwa adabu kama babu yake alikuwa na fungate. Akajibu kwamba babu yake alikuwa na ng'ombe.

Na kwa upepo huu hakuna anayechoma. Chini ya maili tano kwa saa moto hauendi, juu ya kumi na tano hausimami. Leo ni thelathini na mbili. Siku ya tisa mfululizo! Bendera nyekundu iko juu ya kibanda cha zimamoto tangu Ijumaa ya juzi, imeanza kuchanika.

Nina siku kumi na moja. Mwanamke anayependa hashindwi na hewa.

Jumanne, 25 Machi

Mpango wa kwanza. Ulikuwa mzuri sana. Watu ndio walioharibu.

Anayeamua siku ya kuchoma si Baba Leland, kwa kweli. Ni wifi yangu Marva, dada mkubwa wa Wendell, nahodha wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea hapa kwetu. Kipima upepo kinaning'inia shingoni mwake kama filimbi ya refa: kidude chenye vikombe vitatu vidogo vinavyozunguka. Anakiinua, anafumba jicho moja, anasema namba. Wanaume wenye ekari elfu tatu wanavua kofia na kurudi nyumbani.

Nikajiambia: vikombe vikizunguka polepole, namba itakuwa ndogo. Leo alipokuja kunywa kahawa alikivua akakiweka mezani. Nilichukua asali kwa njiti ya kiberiti nikapaka pale kati kidogo. Tone moja. Labda matatu.

Tukatoka uani kupima. Kofia ya Baba Leland ikaruka, ikavuka ua kuelekea kwa mzee Stroda, jirani yetu wa kaskazini. Mbwa alikuwa anatembea upande upande. Marva akainua kipima. Sifuri! Akakitikisa. Sifuri. Akakinusa. Akapitisha kidole, akakilamba, akanitazama mimi moja kwa moja.

"Wifi," akasema, "upepo wa leo mtamu."

Wendell alicheka mpaka akakalia ndoo, na ndoo ilikuwa na maji. Marva akauliza kama huko mjini kwetu ndivyo tunavyopima. Mjini kwetu! Ni maili kumi na nane kutoka hapa na kuna taa moja ya barabarani. Baba yangu ni kinyozi pale. Moshi wa masika nimeuona kila mwaka tangu nizaliwe. Nimeuona kwa mbali, ndiyo, lakini nimeuona.

Anajua sana huyu. Nimempa jina la siri: Nahodha Vikombe. Sijamwambia Wendell, anampenda dada yake.

Alhamisi, 27 Machi

Siku mbaya. Wendell, lakini, ameniita "kipenzi" mbele ya fundi wa trekta, kwa hiyo si mbaya kabisa.

Mpango wa pili. Kila alfajiri Baba Leland husikiliza redio ya hali ya hewa jikoni. Ile sauti isiyo na damu husema upepo, ukavu, hatari ya moto, naye huitikia kwa kichwa kama anaungama. Nikawaza: asiposikia hatari, hatari haitakuwepo. Jana jioni nilizitoa betri mbili nikazifukia ndani ya mtungi wa unga.

Nani angejua kwamba Alhamisi Mama Arlys hukanda mikate ya mdalasini? Mimi! Ananiambia kila wiki. Nilisahau.

Betri ya kwanza aliikuta Mama Arlys wakati wa kukanda. Ya pili aliikuta Baba Leland kwa jino. Hakupiga kelele. Aliitoa mdomoni, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka kwenye kisahani kando ya kikombe, akauliza kama leo kuna nyingine ya kurunzi. Mama Arlys akasema eti bibi harusi yeyote ana haki ya kichaa cha mwezi mmoja, na kwamba mimi ninautumia wote. Alisema kwa upole. Nampenda Mama Arlys.

Kwa kuwa redio ilikuwa kimya, hakuna aliyejua kwamba saa nne kutakuja dhoruba ya maili hamsini. Nilikuwa nimeanika nguo. Mashuka yamekutwa kwenye shimo la mahindi. Soksi za Wendell ziko kila mahali, kama mazao. Gauni langu la kulalia, lile jekundu lenye lesi nililopewa na wenzangu wa duka la maua siku ya arusi, halionekani. Gauni la ziwani! Mama Arlys akauliza nimepoteza nini hasa maana natafuta mpaka chini ya kuku. Nikasema taulo.

Siku saba zimebaki.

Jumatatu, 31 Machi

Nalia na kucheka. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi, kimya! Nilifungua macho nikadhani nimekuwa kiziwi. Mti wa dirishani umesimama wima kama mtu aliyeambiwa apigwe picha. Marva akapiga simu mwenyewe saa moja kasoro: maili nane, kutoka kusini, hewa ina unyevu, bendera imeshushwa, kaunti imearifiwa, tunachoma. Nilimkumbatia Wendell, Wendell akanikumbatia, chini mtu akakohoa.

Saa mbili pikapu nane zilikuwa uani. Ndivyo ilivyo huku: siku yako ya kuchoma majirani wote huja na matangi ya maji, na siku yao wewe huenda. Nilikuwa nimepika mchuzi wa pilipili, nyama na maharagwe sufuria mbili, mikate ya mdalasini trei tatu, na chuma hakikuwemo. Kila mtu alinisalimu. Wawili walitazama ndani ya mkate wao kwanza, lakini kwa adabu.

Mzee Stroda hakuja.

Na bila Stroda huchomi. Tangi lake ni lita elfu nne, na moto wa kurudi nyuma, ule unaokwenda polepole dhidi ya upepo, lazima uanzie upande wa ua wake. Wendell akampigia. Stroda akasema yeye hachomi, hasaidii kuchoma, na anashangaa watu wazima waliobatizwa wanawasha moto siku ya bendera nyekundu. Marva akachukua simu, akamwambia bendera ameishusha kwa mikono yake. Stroda akasema basi ameshusha moja akasahau nyingine, maana kuna bendera juu ya pangaboi lake la maji, lile refu linalovuta maji ya kisima kwa upepo, anaiona kutoka chooni, ipo tangu Alhamisi. Bendera ni bendera.

Tukaenda wote. Pikapu nane, watu kumi na watano, chini ya pangaboi, shingo juu.

Nilijua kabla sijashuka. Moyo wangu ulijua.

Mzee mmoja akasema hii bendera ina mikanda. Mwingine akasema macho yake si mazuri siku hizi, lakini tangu lini kaunti inatia lesi? Marva aliniangalia tu, na pembe za mdomo zikawa zinacheza. Wendell wangu akapanda. Futi thelathini na tano! Ili kuokoa heshima yangu! Akalivua gauni kwenye bawa la chuma, akalishusha akiwa amelishikilia kwa meno, uso umeiva kuliko gauni lenyewe.

Mama Arlys akalipokea, akalikunja vizuri mara nne, akanikabidhi mbele ya watu wote.

"Taulo lako, mwanangu," akasema.

Stroda akaomba radhi. Akasema katika maisha yake yote hajawahi kuheshimu nguo kiasi hicho. Lakini mpaka kicheko kilipoisha, mpaka tangi lilipojazwa, mpaka tuliporudi, Marva aliinua vikombe vyake: ishirini na mbili, na unapanda. Wakala mchuzi wangu wamesimama, mgongo kwenye upepo, wakaenda makwao.

Siku ya pekee ya utulivu katika wiki mbili, na nimeiua kwa gauni.

Jumanne, 1 Aprili

Saa kumi na mbili unusu asubuhi Marva kapiga simu: hewa imetulia ghafla, njooni mbio, leteni kopo la kuwashia moto! Nilitoka na viatu vya Wendell, kopo mkononi, nikakimbia mpaka lango la malisho. Upepo ulinirudisha hatua mbili. Marva alikuwa ndani ya pikapu yake ng'ambo ya barabara, ananywa kahawa. Alishusha kioo akanikumbusha tarehe ya leo.

Vyema sana, Nahodha Vikombe. Vyema.

Lakini nilipokuwa nimesimama pale kama mjinga wa tarehe moja, niligundua jambo. Baada ya dakika kumi, jua likiwa linachungulia tu, upepo ulilala kweli! Nyasi zilinyamaza. Zikanyamaza karibu saa nzima, kisha saa mbili ukaamka na hasira zake. Kwa nini hakuna anayezungumzia saa hii? Wanaume wote wako mezani wanakula mayai, ndiyo sababu!

Sitachoma malisho yote, mimi si mwehu. Nitachoma ule mkanda mweusi wa pembeni tu, ambao moto mkubwa ukiufikia hukosa cha kula na kufa. Mkanda ndio kazi ya nusu siku. Ukiwa tayari, hata saa mbili za utulivu Alhamisi zitatosha kumaliza. Nitawaokolea muda. Watanishukuru.

Simu ya kaunti sitapiga. Ukiwapigia wanakwambia hapana, na mimi sipendi kuwasumbua watu asubuhi.

Jumatano, 2 Aprili

Niko hai. Wote wako hai. Ng'ombe wako hai, walikuwa malisho ya ng'ambo ya barabara. Kuku wako hai, ingawa wamebadilika rangi.

Nieleze kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili na robo nilikuwa malishoni, kwenye mlima unaotazamana na nyumba, tangi dogo la mgongoni limejaa maji, kopo la moto mkononi, lile lenye mdomo mrefu linalodondosha mafuta yakiwaka. Hewa haitikisi hata unywele. Nikadondosha. Ee jamani, uzuri wake! Vimiali vidogo, vinatembea taratibu kama pindo la sketi yenye marinda. Nyuma yake weusi safi. Nikanyoosha mkanda hatua mia mbili, moja kwa moja, kama alivyonionyesha Wendell tulipokuwa wachumba.

Kisha nikageuka nikaona dirisha letu. Chumba chetu! Wendell amelala mle ndani. Na nikakumbuka kwamba mahali palipochomwa ndipo huota kwanza. Baada ya wiki mbili panakuwa kijani kibichi na kote kungali manjano. Basi mkono wangu ukapinda wenyewe. Nikaanza kuchora moyo.

Moyo mkubwa! Mume wangu angeamka, angefungua pazia, angeuona mweusi leo na wa kijani wakati wa Pasaka. Nilimaliza upande wa kushoto. Nilimaliza lile bonde la katikati. Nilikuwa nateremka upande wa kulia, naimba, saa moja na dakika arobaini, na upepo ukaamka mapema.

Sijui uliambiwa na nani. Ulikuja wote mara moja, kama mlango uliopigwa teke. Moyo ulipasuka upande wa kaskazini, na vile vimiali vyangu vya sketi vikasimama vikawa virefu kuliko mimi. Nilipiga maji. Tangi la mgongoni lilitosha kulowesha viatu vyangu. Nikapiga kelele jina la Wendell, nikakimbilia penye weusi, maana hilo nalijua: aliyesimama penye majivu haungui. Nikasimama katikati ya nusu moyo wangu, nikatazama mlima mzima ukiondoka.

Wendell alitoka na suruali ya kulalia na buti. Baba Leland alitazama kupitia dirisha la jikoni, akamaliza yai, akavaa kofia. Marva alifika wa kwanza wa kikosi, rola za nywele kichwani, anaendesha gari la maji kama amelizaa. Akanirushia gunia lililolowa. Nikaanza kupigapiga nyasi. Akapaza sauti ambayo nadhani waliisikia kaunti ya pili:

"Piga, wifi! Usipapase, piga!"

Nikapiga. Tulipiga bega kwa bega, mimi na yeye, saa mbili nzima, na sitamwita tena Nahodha Vikombe leo. Moto ulienda kaskazini, ukala malisho yote kutoka ua hadi ua, ukashuka kijitoni, ukakosa pa kupita. Saa nne ulikuwa umekufa. Umekula ekari mia sita, nguzo arobaini na moja za ua wa Stroda, na choo chake cha zamani cha nje. Stroda alivua kofia mbele ya majivu ya choo. Alisema marehemu baba yake alikijenga kwa mikono. Nililia naye, kisha akasema hata hivyo kilikuwa na nyoka.

Wendell hakunisemesha. Tangu saa nne mpaka chakula cha jioni, hata neno. Hizo saa nane ni ndefu kuliko maisha yangu yote kabla sijamjua. Nilimwekea kahawa, hakuinywa. Nilimpa taulo, hakulichukua. Nikaenda kukaa ngazini, nikaamini kwamba ndoa yangu imedumu siku ishirini na tano.

Akaja akakaa ngazi ya chini yangu. Masizi mpaka kwenye kope. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alipotoka mlangoni aliona kopo limelala chini peke yake na moto, na hakuniona mimi. Alihesabu mpaka kumi na saba kabla hajaniona. Akasema: "Fungate ya nini, Jo, bila wewe?"

Nikamwambia nilikuwa nachora moyo. Akauliza moyo gani. Nikamwonyesha dirishani. Kilichobaki kinafanana na sikio.

Alicheka. Ah, alicheka! Chini hakuna aliyekohoa.

Alhamisi, 3 Aprili

Hukumu ilisomwa jikoni saa tatu. Walikuwepo Baba Leland, Mama Arlys, Marva na daftari, Stroda aliyealikwa kama mwathirika, na trei mbili za mikate ya mdalasini nilizooka usiku kucha kwa toba. Sherifu alishapita mapema akaniandikia karatasi ya onyo, akachukua mkate mmoja.

Nilianza kwa kujitetea. Niliwakumbusha, kwa unyenyekevu, kwamba malisho yalipaswa kuchomwa na yamechomwa. Yote! Baba Leland alimaliza mkate wake kwanza. Akasema hilo ni kweli. Akasema sharti la babu yake limetimia, nasi tuko huru kwenda.

Niliruka! Nilikuwa nimeshamshika Wendell mkono.

Marva akainua kalamu. Akasema Baba amemaliza ya kwake, sasa kikosi kina ya kwake. Moto ukimtoroka mtu, mtu huyo huulinda mpaka moshi wa mwisho. Nguzo za mti mgumu wa huku huungua ndani kwa ndani siku nyingi, na samadi kavu ni vivyo hivyo: juu majivu, ndani kaa jekundu. Upepo ukivuma, cheche moja inavuka kijito, na ng'ambo ya kijito kuna nyumba ya Stroda. Kwa hiyo: mlinzi malishoni, pikapu, tangi la maji, reki, usiku na mchana. Siku nzima ikipita bila moshi, mlinzi anarudi nyumbani. Hata yeye mwenyewe, Marva, alilinda siku tano mwaka ule alipokuwa na miaka kumi na tisa. Sikujua! Hilo hakuwahi kulitaja.

Nikasema ziwa. Nikasema Ijumaa. Nikasema Jumanne wenyewe wapya. Nikasema jirani maili mbili. Stroda akatazama dari. Marva akasema, si kwa ubaya, kwamba ziwa halitaungua.

Wendell akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akauliza kama mlinzi anaweza kuwa na mwenzake.

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya pikapu, juu ya magodoro mawili na mablanketi matatu ya Mama Arlys. Huku nyuma ya mlima, pande zote ni weusi mtupu mpaka mwisho wa macho. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna mtu. Kuna moshi wa nguzo kumi na tisa, umesimama mwembamba, hapa na pale, kama mishumaa ya kanisani baada ya misa.

Tuna sufuria, kahawa, na soseji tulizochoma juu ya nguzo ya Stroda kwa idhini yake. Kazi yetu: kila nusu saa tunazunguka, Wendell na pampu, mimi na reki. Napindua samadi, anamwagia. Shiii! Napindua, anamwagia. Amenitajia majina manne anayotaka kwa watoto wetu, na yote ni mabaya, na nimeyakubali yote.

Jirani wa karibu: maili mbili na robo kwa barabara! Nimepima kwa pikapu.

Hakuna anayekohoa.

Jumapili, 6 Aprili

Nguzo kumi na moja jana, nne leo. Marva hupita saa kumi na moja jioni kukagua. Hugusa kila nguzo kwa kiganja kama mkunga. Leo ametuletea keki. Amekaa nasi kidogo kwenye ubao wa nyuma wa pikapu, miguu ikining'inia. Amenisifu: eti napindua samadi kama niliyezaliwa nayo. Kwa Marva hiyo ni shairi.

Amemwambia Wendell kwamba kwa mwendo huu kesho jioni tutakuwa tumemaliza. Baba Leland anamsubiri Jumanne alfajiri, nguzo arobaini na moja mpya, ua mzima. Na chumba chetu cha juu kimefagiliwa.

Wendell akasema vizuri. Nami nikasema vizuri.

Tulitazamana.

Jumatatu, 7 Aprili

Saa tisa alasiri. Moshi: hakuna. Tumezunguka mara kumi na tatu tangu asubuhi. Majivu yamepoa, unaweza kuyalalia. Tayari nyasi zimeanza! Vincha vidogo vya kijani, vidogo kuliko kope, tumevitazama tukiwa tumelala kifudifudi, vichwa vikigusana. Wendell anasema hajawahi kuviona kwa karibu hivi, na amezaliwa hapa. Nimelia kidogo. Shangazi Verla anafunga milango ya ziwani sasa hivi, na mimi sijaukumbuka mtumbwi hata mara moja.

Nimejifunza mengi. Niandike ili nisisahau: moto si mchezo. Upepo haudanganywi. Wifi ana haki. Mtu hapaswi kuingilia mambo ya hewa kwa faida ya moyo wake mwenyewe. Nimebadilika, nahisi kabisa.

Saa kumi. Wendell amesinzia, kofia usoni. Nimezunguka peke yangu. Nguzo ya mwisho ya pembeni, karibu na kijito, ina tundu la mdudu chini kabisa. Nikainama kuchungulia. Ndani, mbali, kuna kanukta kekundu. Kadogo kuliko punje ya mtama. Hakatoi moshi. Kanakufa.

Ndoo ya maji ninayo mkononi.

Saa kumi na nusu. Marva atafika baada ya nusu saa. Leo upepo ni mwanana kabisa, maili nne, hata kofia iliyo usoni mwa Wendell haitikisiki. Upande huu wa kijito hakuna kilichobaki cha kuungua, na ndoo iko hapa hapa pembeni. Mtu mwenye akili timamu hawezi kuiita hatari. Ni kanukta kamoja tu. Na sheria inasema moshi.

Nimepiga magoti. Nimekapuliza. Kidogo tu.